Dawa Nyeupe ya Goti

Goti langu la kulia lilianza kuniuma nikiwa na umri wa miaka ishirini na minne, na lilianza nikiteremka, si nikipanda. Nilikuwa juu ya mnazi wa mjomba wangu pale Mwabungo, nimekwisha kuangua makole mawili ya nazi, na kila niliposhusha mguu kutafuta kidato cha chini, kitu fulani chini ya kilegesambwa, ule mfupa wa mbele ya goti, kilinichoma kama mwiba wa mdimu unaosukumwa kwa kidole. Nikadhani nimejigonga. Nikashuka, nikajipangusa, nikapanda mnazi wa pili.

Nilikuwa mkwezi, na sikuwa na kazi nyingine. Katika miaka ile ya hamsini shamba la minazi bila mkwezi lilikuwa kama kisima bila kamba, na watu kutoka Galu hadi Ukunda walinijua. Mjomba, ndugu yake mama, ndiye aliyenifundisha. Alinionyesha namna ya kuweka unyayo ubavu ubavu katika vidato vilivyokatwa shinani, na namna ya kugonga nazi kwa mgongo wa panga na kusikiliza kama imekomaa. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha kukwea kitambo. Alisema macho yake yanamtia kizunguzungu akiwa juu. Kwetu sisi mjomba ni mtu mzito. Shamba lilikuwa lake na neno lilikuwa lake, na mimi sikuwahi kumuuliza jambo mara mbili.

Miezi ilipita, na ule mwiba haukutoka. Asubuhi goti lilikuwa gumu, likalainika nikianza kazi, likarudi kuniadhibu jioni. Mama alinichua kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto pamoja na tangawizi. Akaniitia mzee mmoja aliyepiga chuku. Huyo akaweka pembe yake pembeni mwa goti, akafyonza, damu nyeusi ikatoka na mama akafurahi kuiona. Nilipata nafuu siku tatu. Kisha siku moja nikiwa nimefika nusu ya mnazi, mguu ukakataa kabisa kunibeba, nikaukumbatia mti kwa mikono miwili nikisoma kila dua niliyoijua. Niliteremka kwa kusota. Ngozi ya kifua ilibaki shinani.

Lakini lililonivunja moyo zaidi halikuwa kazi. Lilikuwa sala. Sikuweza tena kukunja goti. Katika msikiti wetu mdogo wenye paa la makuti nilisali nimekaa, mguu nimeunyoosha mbele, kijana mzima mwenye kifua cha mkwezi, na wazee wa miaka sabini wakisujudu kulia na kushoto kwangu. Hakuna aliyenicheka. Ningependa wangenicheka.

Ndipo nikaanza kuifikiria sindano. Nilikuwa na sababu. Nilipokuwa mtoto nilipata buba, vidonda miguuni na usoni hata nzi wakawa ndugu zangu. Watu wa serikali wakaja, tukapangwa mstari, nikachomwa sindano tako la kushoto, na kabla ya wiki mbili kupita vidonda vilikauka vikaanguka kama magamba. Mama hakusahau. Kwake yeye dawa ya kunywa ilikuwa ni kubahatisha, lakini sindano ilikuwa kama amri.

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa na baiskeli. Akanipakia nyuma, mguu wangu mbovu umening'inia kama wa kuku, tukaenda hadi Msambweni hospitalini, tukipumzika Gazi kunywa maji. Daktari alikuwa Mhindi mzaliwa wa Mombasa, mwembamba, aliyesema Kiswahili cha Kimvita kizuri kuliko changu. Alinikandakanda goti kwa dole gumba, taratibu, hadi alipofika mahali pamoja chini ya kilegesambwa, nikaruka.

"Hapa?" akauliza.

"Hapo hapo, Bwana Daktari."

"Kazi yako ni nini?"

"Mkwezi wa minazi."

"Linauma zaidi ukipanda au ukishuka?"

"Nikishuka."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia alilolitazamia. "Hii ni kano," akasema. "Ule ugwe, yaani kamba, unaofunga kilegesambwa na mfupa wa muundi. Umeufanyisha kazi ya punda. Pumzika mwezi mmoja, usikwee."

Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya sindano. Akacheka kidogo, akasema sindano ya buba haina habari na kano. Akanipa vidonge vyeupe vya maumivu, nikarudi nyumbani na uchungu moyoni mkubwa kuliko ule wa goti.

Nilipumzika huo mwezi. Mjomba aliita mkwezi wa Galu amwangulie, na kila siku alipita mbele ya baraza letu akitazama mguu wangu. Mwezi ulipokwisha nilijaribu kukunja goti kwenye mkeka, mwiba ukawa pale pale.

Niliporudi Msambweni, daktari alibonyeza mahali pale pale, nikaruka tena. Kisha akafungua kabati la kioo kwa ufunguo aliokuwa nao mfukoni, akatoa kichupa kidogo kisichozidi kidole gumba.

"Dawa hii ni mpya," akasema. "Haina miaka mingi duniani, na hapa kwetu nimeletewa vichupa vichache. Nitakwambia ilivyo, halafu wewe useme unataka au hutaki."

Hakuna mganga aliyepata kuniuliza nataka au sitaki.

Akanieleza kwamba juu ya kila figo ya binadamu pamekaa kinyama kidogo, kama kofia juu ya kichwa, na kinyama hicho usiku na mchana kinatengeneza dawa na kuitia katika damu. Bila dawa hiyo mtu hawezi kuishi. Wataalamu waliigundua humo mwilini, kisha wakajifunza kuitengeneza wenyewe, na wakaona kwamba ukiitia mahali palipovimba na kuwaka, moto unazimika.

"Kwa hiyo ni dawa iliyomo ndani yangu tayari?" nikauliza.

"Imo ndani yako tangu hujazaliwa. Mimi nitaipeleka tu mahali inapohitajika."

Nilikuwa nimebeba dawa yangu mwenyewe miaka ishirini na minne, nikipanda nayo minazini na kushuka nayo, bila kujua.

"Nataka," nikasema.

Dresa, msaidizi wa daktari, kijana mpole wa hapo hapo Msambweni, alikuwa amekwisha kuchemsha bomba la sindano katika sufuria ndogo. Alilitoa kwa koleo, mvuke ukipanda, akalisubiri lipoe. Daktari akakitikisa kile kichupa karibu na sikio lake. Dawa yenyewe ilikuwa nyeupe kama tui, na nikaona kwamba isipotikiswa inatuama chini. Akanipaka goti maji ya rangi ya kahawia yenye harufu kali, akatia alama ya wino mahali pa maumivu.

"Sitaitoboa kano," akasema. "Kano ni ugwe, na ugwe ukitobolewa unapungua nguvu. Nitaiweka dawa pembeni yake. Tulia kama uko juu ya mnazi."

Nikatulia. Sindano ilipita kwenye ngozi bila kishindo, kisha nikaisikia ikienda ndani polepole, ikitafuta. Macho yake daktari hayakuwa kwenye sindano. Yalikuwa yametazama dirishani, kama mtu anayesikiliza. Mkono wake ndio uliokuwa ukiona. Ghafla nikahisi goti linajaa, linabanwa, uchungu mzito ukapanda hadi nyongani, na mara sindano ikatoka. Tone moja la damu, pamba, basi.

"Kesho litauma kuliko leo," akasema. "Usiogope. Siku ya tatu au ya nne utaona. Na sikiliza: maumivu yakiondoka, si kwamba kano imepona. Imeacha kulia tu. Usikwee mti kwa miezi miwili kamili."

Kesho yake kweli goti liliwaka moto. Mama alilitazama lilivyovimba, akasema, "Mwanangu, wamekutia nini?" Siku ya pili alikaa karibu yangu na tasbihi.

Siku ya nne nilikwenda msikitini kwa sala ya adhuhuri. Nikakaa mahali pangu pembeni, mguu mbele, kama kawaida. Watu waliporukuu, nikasikia kama goti linaniita. Siwezi kulieleza vizuri zaidi ya hivyo. Niliukunja mguu kidogo, nikingojea mwiba. Haukuja. Nikaukunja zaidi. Haukuja. Watu waliposujudu nikainuka nikaenda chini pamoja nao, magoti mawili juu ya mkeka, paji la uso chini, na palikuwa kimya. Kimya ndani ya goti! Nilisema Subhana Rabbiyal A'la, nikairudia, nikairudia, na imamu alipoinuka mimi nilikuwa bado niko chini, mkeka umelowa chini ya uso wangu. Mjomba alikuwa safu ya nyuma. Sala ilipokwisha alikuja, akanishika bega, akaliminya, akatoka nje.

Idd ya kuchinja ilifika wiki mbili baadaye. Tulichinja mbuzi aliyenunuliwa Kinango, nami nikasema nitampasua mwenyewe. Nilipofika kwenye figo nikatoa mafuta yanayoizunguka kwa kucha, polepole.

"Unatafuta nini humo?" mama akauliza.

"Natafuta dawa yangu."

Na nikakipata. Kinyama kidogo, chekundu cha kahawia, si kikubwa kuliko harage, kimejificha ndani ya mafuta karibu na figo kama daktari alivyosema. Nilikiweka kwenye kiganja nikamwonyesha mama. Nikamwambia ndicho kinachotengeneza ile dawa nyeupe, na kwamba hata yeye anavyo viwili. Alikitazama kwa muda, wala hakukigusa. Kisha akaweka mkono wake kiunoni, juu ya kanga, upande mmoja halafu wa pili. "Na mimi nimekaa navyo umri wote huu," akasema. Nyama ya mbuzi yule ilipikwa ikaliwa, lakini kile kinyama mama alikichukua akakifukia mwenyewe nyuma ya jiko.

Mjomba aliona kwamba nasujudu, natembea, nachukua maji kisimani. Nazi zake zilikuwa zimekomaa na nyingine zinaanguka zenyewe na kupasuka. Mkwezi wa Galu alikuwa amekwenda kwao kwa msiba. Siku moja asubuhi mjomba alinijia barazani.

"Mpwa wangu, shamba linaharibika."

"Mjomba, daktari amesema miezi miwili. Umebaki mwezi na siku kadhaa."

"Goti linauma?"

"Haliumi."

"Basi limepona. Unaogopa nini?"

Nilimfuata shambani kwa sababu sikujua namna ya kumkatalia. Nikaweka mguu wa kulia kwenye kidato cha kwanza, nikajiinua. Hakuna kitu. Nikapanda cha pili. Hakuna kitu. Na hapo ndipo hofu iliponishika, kwa sababu zamani goti lilikuwa linanionya, na sasa halikuwa likiniambia lolote. Ningepanda hadi juu kabisa na ugwe ule ungekatika bila kunipa habari. Nikashuka.

"Nisamehe, Mjomba. Siwezi."

Akavua kanzu yake, akaitundika kwenye kichaka, akakaza kikoi, akanipokonya panga. Alikuwa amepita miaka hamsini na mitano. Akaanza kukwea.

Alipanda vizuri, nasema kweli. Mwili wake haukusahau. Alifika juu, nikasikia panga likigonga, kole moja likaanguka kwa kishindo. Kisha akaanza kushuka, na baada ya vidato vichache akasimama. Nilimwona mguu wa kushoto ukitetemeka. Akashusha wa kulia, akauvuta wa kushoto ukiwa umenyooka, akapumzika. Akashusha tena wa kulia tu. Nilikuwa nimeshuka hivyo mwenyewe mara nyingi mno, hata nikautambua ule mwendo mara moja.

Alipogusa ardhi aliketi pale pale kwenye mchanga, jasho likimtiririka.

"Mjomba, ni goti?"

"Si macho," akasema. "Nilisema ni macho. Ni goti."

"Tangu lini?"

"Tangu wewe hujabaleghe. Mtu akisema macho, watu wanasema pole. Akisema goti, watu wanasema amezeeka."

Tukakaa hapo wote wawili. Kisha mjomba akauliza, akitazama kole lililoanguka: "Hiyo sindano yako, wanawachoma na watu wazima kama mimi?"

Nilipokwenda kuonana tena na daktari tulikwenda pamoja, kwa basi la asubuhi. Mjomba alimpa daktari shikamoo, ingawa daktari alikuwa mdogo kwake. Daktari akaona haya, akaikataa na kumrudishia yeye. Alilikunja goti la mjomba na kulikunjua, kisha akauchukua mkono wangu akauweka juu yake. Nilisikia ndani mkwaruzo kama wa nazi inayokunwa kwenye mbuzi.

"La kwako lilikuwa kano, nje ya kiungo," akaniambia. "La mzee ni kiungo chenyewe, kimelika." Akamgeukia mjomba. "Mzee wangu, naweza kuitia dawa ndani. Itakusaidia wiki, au miezi, au isikusaidie. Sijui."

Mjomba alinitazama. Nadhani wote wawili tulikuwa hatujapata kumsikia mtu wa dawa akisema sijui. "Mtu anayesema hajui," mjomba akasema, "huyo nitampa goti langu."

Kabla ya kutia dawa, daktari alivuta maji kutoka ndani ya goti. Bomba likajaa kitu cha rangi ya asali nyepesi, kinavutika kama ute wa yai. Mjomba alikikazia macho.

"Hicho kimetoka kwangu?"

"Ni mafuta ya kiungo, mzee. Kila kiungo kinajipaka chake. Goti lako limetengeneza kupita kiasi, likijaribu kujiponya."

"Likijaribu," mjomba akarudia kwa sauti ndogo. Hata sindano ya dawa ilipoingia alikuwa bado analitazama lile bomba.

Siku hiyo dresa alitufundisha kazi ya kufanya nyumbani. Mtu anaketi kwenye benchi, anafunga mfuko wa mchanga kifundoni, anauinua mguu hadi unyooke, anaushusha polepole zaidi ya alivyouinua. Kushusha, akasema dresa, ndiko kunakoijenga nyama ya paja. Mama alitushonea mifuko miwili ya gunia. Kila siku baada ya alasiri mimi na mjomba tulikaa barazani tukiinua mchanga na kuushusha, na watu wa Mwabungo wakapita wakitutazama. Wengine walidhani ni masharti ya mganga. Bibi mmoja jirani alituuliza tumeapa kwa nani. Mjomba alimjibu kwa heshima zote kwamba tunafundisha miguu adabu.

Goti la mjomba lilitulia siku ya tano. Alisujudu. Alichuchumaa kisimani, jambo ambalo mama alisema hajaliona kwa miaka. Aliinuka na kukaa, akainuka na kukaa, akicheka peke yake.

Miezi yangu miwili ilipotimia, niliongeza wiki mbili za tahadhari, kisha nikakwea. Mama alikuja shambani lakini alisimama amenipa mgongo, hakutaka kuona. Nilipanda polepole, nikiweka mguu na kungojea, na goti likaniinua. Juu kule nilishika kuti na sikuangua kitu kwa muda. Nililitazama goti langu lilivyobana shina, lile tundu la sindano halionekani hata alama, nikafikiri juu ya ugwe mmoja mfupi, urefu wa kidole, uliokuwa umebeba uzito wangu wote angani miaka yote ile bila mimi kuujua hata kwa jina.

"Je?" mama akauliza kutoka chini, bado amenipa mgongo.

"Alhamdulillahi," nikamjibu.

Nikaanza kushuka. Huko ndiko kulikokuwa na mtihani. Nilihesabu kila kidato, na hapana hata kimoja kilichonichoma.

Nilikwea miaka mingi baada ya hapo, nikapunguza minazi ya kila siku, na kila maumivu yalipoanza kunong'ona nilirudia mfuko wa mchanga. Sindano ya pili sikuihitaji.

La mjomba lilirudi. Baada ya miezi mitatu hivi, asubuhi moja, nilimwona msikitini amenyoosha mguu mbele. Nilimwendea baada ya sala, nikitaka kumwambia twende tena Msambweni, na tulikwenda, na sindano ya pili ikamsaidia kidogo kuliko ya kwanza. Lakini siku ile pale msikitini, nilipomwambia pole, alinikatiza.

"Pole ya nini? Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa, nikapewa miezi mitatu ya kusujudu. Wewe unawajua wangapi waliorudishiwa goti lao, hata kwa siku moja?"

Akaniomba mkono nimwinue. Tukatoka pamoja, yeye akichechemea, akinieleza habari za mnazi mmoja upande wa kaskazini ambao vidato vyake vimeoza na lazima vikatwe upya kabla sijaupanda.